Komba Wetu Anakokota Miguu

*Shangazi, msimu wa karafuu uliopita mwanangu aliokota komba mchanga shambani, tawi lilipovunjika. Tunampa ndizi mbivu, biskuti, na boflo la kuchovya kwenye chai. Amenenepa vizuri, lakini sasa anakokota miguu ya nyuma na pazia hapandi tena. Mama mkwe anasema karogwa, maana hata mkojo wake hujipaka viganjani. Nifanyeje?*
*Mama wa Konde*

Hakurogwa, mwanangu. Mmemlisha vibaya, tena kwa mapenzi.

Huko kwenu karibu na msitu wa Ngezi, komba wa msituni hula matunda na wadudu: panzi, nyenje, mende, kumbikumbi. Tamu anaipenda, ndiyo. Waulize wagema ni nani anayewanywea tembo usiku. Lakini ndizi ina sukari nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili ukiikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa, nayo hulainika, na huo unene mnaousifu hauna tena wa kuubeba. Baadhi ya Wazungu wanaofuga vile vinyama vya Australia vinavyoruka kwa ngozi ya ubavuni huviua kwa njia hii hii: matunda matamu kila siku, basi.

Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akianza kutetemeka au kukakamaa, usingoje kesho. Mbebe ndani ya boksi fupi lenye kitambaa, na watoto wasimvute mguu, kwani mfupa laini huvunjika upesi.

Chai, boflo na biskuti acheni leo. Mpeni chakula magharibi, aamkapo: panzi, kipande cha yai la kuchemsha, majani machanga ya mlonge, na papai kidogo. Panzi naye hana kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo chukua ganda la yai, lichemshe, likaushe, litwange mpaka liwe unga laini, kisha umnyunyizie panzi kiasi cha kidole na gumba. Kumbuka tu panzi wasitoke kwenye shamba lililopigwa dawa.

Huo mkojo mwambie mkweo, kwa adabu, kwamba ndivyo komba anavyoacha harufu yake apitapo.

Halafu wapeni taarifa maofisa wa misitu pale Ngezi. Huyu ni mnyama wa porini, wao ndio watakaosema akipona aende wapi. Mwanao atalia, najua. Kwa sasa mtume akakamate panzi, maana wanahitajika wengi kila jioni.