Nyumba kwanza, mengine baadaye

Swali: Ufini ilipunguzaje idadi ya watu wasio na makazi? — Msomaji, Mombasa

Jibu: Iligeuza utaratibu. Zamani mtu alitakiwa aache pombe kwanza, ndipo afikiriwe nyumba. Tangu 2008, sera ya taifa ni kumpa nyumba kwanza. Matibabu na ushauri hufuata, naye hashurutishwi. Hutia saini mkataba wa upangaji na kulipa kodi, akisaidiwa na posho ya makazi. Mabweni mengi ya dharura ya Helsinki yaligeuzwa fleti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wasio na makazi walizidi 15,000. Mwaka 2022 walikuwa chini ya 4,000. Ila sera hii hudai nyumba zenyewe ziwepo: manispaa na taasisi kama Y-Säätiö zilijenga na kununua kwa ruzuku ya umma.