SOMO LA MWEZI: KUPUNGUZA KIFUNIKO CHA PIKAPU



Karafuu kavu ikirowa njiani huvunda, na taabu yote ya kuchuma, kuchambua na kuanika huwa bure. Kwa hiyo pikapu yenye kifuniko kigumu cha faibagilasi ni bora kuliko yenye turubali. Lakini kifuniko kikuukuu kipatikanacho kwa bei nafuu aghalabu ni cha gari kubwa kuliko letu. Je, chaweza kupunguzwa? Chaweza, na kanuni yake ni moja: kata katikati, usikate pembeni.

Sababu ni hii. Nguvu ya kifuniko imo katika kingo zake, pale kilipokunjwa kwenda chini. Ukikata ukingo, kifuniko hulegea na maji hupata pa kuingilia. Ukitoa kipande cha katikati, kingo na pembe husalia kama zilivyotoka kiwandani.

KUPIMA. Pima upana wa bodi la gari mahali patatu: mbele, katikati na nyuma, kwani bodi lililowahi kugongwa huwa halina upana mmoja. Tuseme kifuniko kina inchi 60, na bodi lataka inchi 54. Utatoa inchi 6, yaani inchi 3 kila upande wa mstari wa katikati. Kama urefu nao umezidi, fanya vivyo hivyo kwa kukingama, lakini baada ya kiungo cha kwanza kuwa kigumu.

KUKATA. Ondoa kwanza bawaba na kufuli. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, ndani kidogo ya mstari, kisha malizia kwa msasa. Vumbi la faibagilasi hudhuru mapafu na kuwasha ngozi. Kanga iliyofungwa puani haitoshi. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, miwani na glavu, na watoto wakae mbali.

KUUNGA. Kipindue kifuniko, na kila ukingo uliokatwa uuchonge mshazari kwa upande wa ndani. Upana wa mshazari uwe mara 12 ya unene: unene wa milimita 4 wataka milimita 48, karibu inchi 2. Kutanisha vipande, na kwa upande wa nje vitegemeze kwa ubao uliofunikwa nailoni. Kifuniko chenye mgongo kitafanya pembe kidogo kama paa. Si kasoro, maji yatateremka.

Rezini ya poliesta huchanganywa na dawa ya kugandisha, aghalabu sehemu 1 hadi 2 kwa 100 kwa uzito. Gramu 500 za rezini zatosha kwa gramu 5 hadi 10 za dawa. Siku ya joto ipunguze, wala usipite maagizo ya kopo. Changanya kidogo kidogo, kivulini, penye hewa. Dawa hiyo ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Rezini iliyobaki koponi hupata moto wenyewe. Iweke nje, mbali na magunia na makuti.

Tandika mikeka ya nyuzi za kioo tabaka juu ya tabaka, ukiilowesha na kutoa mapovu kwa brashi, mpaka mshazari ujae. Tabaka la mwisho livuke pande zote mbili. Kisha ongeza mbavu mbili za mbao kukingama kiungo, nazo zifunikwe kwa mkeka na rezini. Upande wa nje wataka kujazwa, msasa na rangi tu.

KUJARIBU. Funga mpira kuzunguka kingo za bodi, weka ndani magunia matupu makavu, umwagie maji kwa robo saa. Gunia likirowa, tafuta tundu. Tena usipakie karafuu siku hiyo. Rezini mpya ina harufu kali, na karafuu hunasa harufu upesi. Kiache kifuniko wazi juani siku kadhaa mpaka harufu ikatike kabisa. Mnunuzi hatauliza kifuniko kilikatwa vipi; atanusa gunia.

Katibu wa Chama