Kalenda ya Mwaka Unaoisha Usiitupe Bado





Nyumbani kwetu kalenda ya parokia ilikuwa haitupwi. Ilikaa sebuleni mwaka mzima, jirani na msalaba, na mama alizungushia kalamu tarehe zake: siku jumuiya inakuja kusali kwetu, siku ya ada, siku ya Misa ya kumwombea babu. Desemba ikiisha ilishushwa, ikakatwa vizuri, tukakavia madaftari ya shule. Januari tuliingia darasani na madaftari mapya yaliyovaa mwaka wa zamani.

Nimekumbuka jambo hilo wiki hii, maana ndilo somo letu la leo. Mwaka unaoisha si wa kutupa. Wala si wa kuachwa ukutani milele. Ni wa kuushusha, kuutazama vizuri mbele ya Mungu, kisha kuutumia kwa safari inayofuata.

Tunavyokosea kufunga mwaka

Tuseme ukweli. Wengi wetu tunafunga mwaka kwa njia mojawapo kati ya hizi mbili.

Ya kwanza ni maonyesho. Tarehe 31 unafungua simu, kila status ni picha kumi: mahafali, harusi, kiwanja, safari ya Zanzibar. Sio dhambi kumshukuru Mungu kwa picha. Shida inaanza pale asiye na picha anapojiona kama hakuwa na mwaka kabisa.

Ya pili ni kufuta. "Mwaka huu ulikuwa wa hovyo, acha upite tu." Umeachwa na mchumba, ajira hakuna, mtihani umerudiwa, mmezika. Unataka Januari ifike haraka kana kwamba tarehe 1 ina uwezo wa kukufanya mtu mwingine.

Njia hizi zinafanana kwa kitu kimoja: zote hazina Mungu wa kuongea naye. Kwenye ya kwanza unaongea na watazamaji, kwenye ya pili unaongea na hasira yako. Halafu tukishamaliza, tunapanga mwaka mpya vilevile, bila Yeye. Mtume Yakobo (Yak 4:13-15) anawasema watu wanaopanga mji watakaokwenda, mwaka watakaokaa huko na faida watakayopata, huku hawajui hata kesho yao. Hakatazi kupanga. Anachotaka ni mipango yetu ipite kwanza kwenye mapenzi ya Bwana.

Askari aliyelazwa kitandani

Mwaka 1521, kule Pamplona, Hispania, risasi ya mzinga ilimvunja mguu askari mmoja aliyependa sana sifa. Jina lake Ignasi wa Loyola. Akarudishwa nyumbani akae kitandani miezi mingi. Akaomba vitabu vya mashujaa wa vita na mapenzi, havikuwepo. Akapewa vilivyokuwepo: maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu.

Akawa na muda mwingi wa kuwaza. Mara awaze atakavyorudi vitani na kumvutia mwanamke wa hadhi kubwa, mara awaze itakuwaje akiishi kama Mtakatifu Fransisko au Mtakatifu Dominiko. Mawazo yote mawili yalimfurahisha. Ila siku moja akagundua jambo: yale ya kwanza yakiisha yalimwacha mkavu, hana raha. Ya pili yakiisha, furaha ilibaki. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kutazama nyuma na kujiuliza: hiki kilinipeleka wapi? Mungu alikuwa ananivuta upande gani?

Kutokana na njia hiyo tumepata zoezi la kuchunguza dhamiri lililomo katika kitabu chake, *Mazoezi ya Kiroho*. Lina hatua tano. Yeye alilitaka lifanyike kila siku. Sisi leo tulitumie kwa mwaka mzima.

Hatua tano, na kalenda mkononi

Tafuta saa moja. Zima data. Kama huna kalenda ya ukutani, fungua picha na meseji za simu yako, mwezi kwa mwezi. Utashangaa ulivyosahau.

*1. Shukuru.* Anza na shukrani, usianze na dhambi. Taja vitu kwa majina: yule aliyekulipia nauli, homa iliyopona, mwanakwaya mwenzako aliyekuja msibani. "Asante kwa yote" ni sala nzuri, lakini hapa jitahidi kuhesabu.

*2. Omba mwanga.* Mwambie Roho Mtakatifu akuonyeshe mwaka wako anavyouona Yeye. Ukiutazama peke yako, ama utajipendelea, ama utajisulubu bure.

*3. Pitia mwezi kwa mwezi.* Usiulize tu "nilifanya nini?" Uliza pia "nilikuwa nakaribia, au nilikuwa natoroka?"

Hapa naomba nikupe ushuhuda wangu. Mwaka mmoja nilifanya zoezi hili nikiwa na malalamiko kwa Mungu. Nilijiambia nina ukavu wa kiroho. Nasali, nasikia kama naongea na ukuta. Nikafika Julai kwenye kalenda. Julai nilimkopa dada yangu pesa aliyoiweka kwa ajili ya pango. Nikamwambia wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi. Nikaanza kutopokea simu zake, halafu nikaacha kwenda nyumbani Jumapili. Nilipofika Septemba nikaona kitu kingine: hapo ndipo nilipoacha kuungama. Nilikuwa najua padre ataniuliza kama nimerudisha.

Yaani mwaka mzima nasema nina ukavu wa kiroho, kumbe nina deni.

Nisingeyaona hayo kwa kuwaza tu kijuujuu. Niliyaona kwa sababu niliweka tarehe moja karibu na nyingine.

Lakini sikiliza na upande mwingine. Si kila giza kwenye kalenda yako ni kosa lako. Kama ulifiwa, kama uliugua, kama ulituma maombi ya kazi hamsini ukanyimwa jibu, usijitafutie dhambi ya kuelezea maumivu hayo. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Kwenye mwezi kama huo, kaa naye ulie. Hiyo nayo ni sala.

*4. Omba msamaha.* Sema wazi, bila kuzungusha. Kisha upeleke kwenye Sakramenti ya Kitubio. Usingoje Pasaka.

*5. Amua jambo kwa neema yake.* Jambo moja au mawili yanayotoka kwenye ulichokiona, si yale uliyokopi kwa mtu mtandaoni.

Mtini ulioongezewa mwaka

Fungua Luka 13:6-9. Mwenye shamba ana mtini, amekuja miaka mitatu kutafuta matunda, hakuna kitu. Anaagiza ukatwe, unakula ardhi bure. Mtunza shamba anauombea: uachwe mwaka huu pia, yeye ataupalilia pembeni na kuuwekea samadi.

Angalia mambo matatu hapa.

Kwanza, mwaka mpya ni rehema. Mtini haukustahili mwaka wa nne kwa matunda yake, ulipewa kwa sababu kuna aliyeuombea. Ukiamka tarehe 1 Januari, jua kuna aliyekuombea.

Pili, mtunza shamba haahidi mwaka wa raha. Anaahidi jembe na samadi. Kuchimbuliwa mizizi kunauma, na samadi hainukii. Rafiki aliyekwambia ukweli mwezi wa tano ukamblock, pengine lilikuwa jembe. Aibu uliyoipata, ukiikabidhi kwa Mungu, inaweza kuwa samadi.

Tatu, Yesu hasemi mtini uliishia vipi. Hadithi inaachwa wazi. Mwisho wake tunauandika wewe na mimi, na mwaka wenyewe unahesabika. Rehema haina maana kwamba muda hauishi.

Matumaini yaliyoandikwa kwenye kalenda kuukuu

Sasa twende kwenye mwaka unaokuja. Katekisimu inayaweka matumaini pamoja na imani na mapendo kama fadhila za Kimungu. Maana yake, matumaini ni zaidi ya kutamani mambo yawe mazuri. Ni kumtegemea Kristu na ahadi zake, hata kama mambo yenyewe bado hayajawa mazuri.

Nani anaweza kutufundisha hilo? Mimi namchagua Kardinali François-Xavier Nguyen Van Thuan wa Vietnam. Aprili 1975 Papa Paulo VI alimteua kuwa Askofu Mkuu Mwandamizi wa Saigon. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Agosti, sherehe ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, serikali ya kikomunisti ilimkamata. Alikaa kizuizini miaka 13 bila hukumu ya mahakama, na kati ya hiyo 9 alitengwa peke yake.

Mtu wa namna hiyo angekuwa na haki ya kusema "nikitoka ndipo nitaanza kuishi." Yeye alikataa. Aliamua hatakaa akingojea. Ataiishi siku iliyopo na kuijaza upendo. Halafu akajiuliza atawafikiaje waamini wake. Akamwomba mtoto mdogo wa jirani amwambie mama yake amnunulie kalenda za zamani. Usiku, nyuma ya karatasi zile, akaandika mawazo mafupi ya kuwatia moyo Wakristo wake, na familia ya yule mtoto ikayanakili na kuyasambaza. Ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu chake kuhusu njia ya matumaini. Aliachiliwa mwaka 1988, akafariki Roma mwaka 2002.

Hakungoja apate karatasi safi. Aliandika matumaini nyuma ya siku zilizokwisha pita, tena akiwa bado amefungwa.

Ndugu yangu, hata wewe hutapewa karatasi safi. Tarehe 1 utaamka na familia ileile, deni lilelile, udhaifu uleule wa simu usiku. Usingoje vitu hivyo viondoke ndipo uanze kumpenda Mungu. Andika hapohapo, nyuma yake.

Andika hivi

Geuza kalenda yako, au chukua karatasi ya kawaida. Andika mistari mitatu tu.

*Mstari wa Mungu.* Jambo moja la sala, lenye siku na saa. "Nitasali zaidi" haitoshi. "Alhamisi baada ya kazi, nusu saa ya kuabudu Ekaristi" hiyo ndiyo.

*Mstari wa mtu.* Jina moja la mtu wa kupatana naye au kumtunza. Mimi mwaka ule sikuandika "kukua kiroho". Niliandika: kumpigia dada kabla ya tarehe 2. Mkono ulinitetemeka. Alinigombeza kwanza, tena sana. Halafu kimya kidogo, akauliza, "Umekula lakini?" Deni nilimaliza kulipa mwezi wa nne, kidogo kidogo. Kuungama nilienda wiki ileile.

*Mstari wa wajibu.* Jambo moja la masomo, kazi au afya, halafu malizia kwa maneno ya Yakobo: Bwana akipenda.

Karatasi hiyo ikae ndani ya Biblia, usiiposti. Kila mwisho wa mwezi itoe uisome.

Na usifanye peke yako. Tarehe 31 Desemba Kanisa linaimba utenzi wa shukrani, *Te Deum*, na waamini wanaoshiriki kuuimba au kuusali hadharani siku hiyo wanaweza kupata rehema kamili kwa masharti ya kawaida: kuungama, kupokea Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote. Ulizia parokiani kwako mkesha ni saa ngapi.

Tarehe 1 Januari ni Sherehe ya Maria Mama wa Mungu. Injili ya siku hiyo (Lk 2:16-21) inatuonyesha Maria akiyaweka mambo yote moyoni na kuyatafakari. Alikuwa amejifungua safarini, mtoto amelala horini, wageni wachungaji wamejaa. Hakutupa chochote, hata yale ambayo hakuyaelewa. Ndiye mwalimu wetu wa kufungua mwaka.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya au kikundi cha vijana

1. Ni mwezi gani mwaka huu Mungu alikuwa karibu nawe bila wewe kujua?
2. Je, kuna simu ambayo umekuwa huipokei? Kwa nini?
3. Ni kitu gani kilichokuuma ambacho kinaweza kuwa samadi?

Tusali

Baba mwema, tunakurudishia mwaka huu kama ulivyo, pamoja na kurasa tulizochana na zile tulizochafua. Asante kwa mema tuliyoyaona na yale tuliyopita bila kuyaona. Utusamehe tulipokukimbia. Wapokee wapendwa wetu tuliowazika. Ukituongezea mwaka, utuchimbe, utulishe, utufanye tuzae matunda. Maria, Mama wa Mungu, utuombee. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Haya, nenda kaishushe ile kalenda ukutani.