Dondoo muhimu: Kuchimba bila kuharibu shamba la mtu

Nchini Uingereza kila shamba lina mwenyewe. Omba ruhusa yake, ikibidi kwa maandishi, kabla ya kuwasha mashine ya kutafuta metali. Maeneo ya kale yanayolindwa kisheria usiyakaribie. Kutumia mashine huko bila kibali ni kosa la jinai.

Penye majani, kata udongo kwa umbo la kwato ya farasi, upande mmoja ubaki umeshikamana ili mizizi isife. Funua, weka udongo uliolegea juu ya turubai, kisha urudishe wote, funika na ukanyage. Ardhi ikikauka kwa kiangazi, afadhali uache kabisa: majani yaliyokatwa wakati huo hunyauka na kuacha baka.

Usipite kina cha udongo uliotifuliwa na plau. Chini ya hapo vitu huenda bado vimekaa kama vilivyoachwa, na mpangilio huo ndio unaowaeleza wanaakiolojia mengi kuliko sarafu yenyewe. Ukikuta nyingi pamoja, simama, waite wataalamu. Hazina, kwa sheria ya 1996, huripotiwa ndani ya siku 14.

Vyuma chakavu, ondoka navyo. Ukishuku bomu, usiguse, piga 999.