Mkeka Ukichanika, Anza na Bei

Siku ambayo farasi wote sita uliopewa na mtabiri wameshindwa huisha kwa namna moja. Mtu anafungua simu, anahesabu pesa zilizokwenda, anamlaani aliyetoa utabiri, na kabla hajalala ameshapata mtabiri mwingine wa kesho. Naona hapo ndipo hasara ya pili inapoanza, na mara nyingi inaizidi ile ya kwanza. Matokeo ya siku moja hayatoshi kumhukumu mtabiri wala mbinu yake. Jioni hiyo unachoweza kukihukumu kwa haki ni bei: je, odi uliyoichukua, yaani kiasi unachorudishiwa kwa kila shilingi ya dau farasi akishinda, ililingana na nafasi ya kweli ya farasi yule? Nitaeleza jinsi ninavyoikagua siku ya aina hiyo, na kwa nini naanzia kwenye bei.

Chukua siku ambayo wapenzi wa mbio hawajaisahau, Jumanne ya 10 Machi 2015, siku ya kwanza ya tamasha la Cheltenham huko Uingereza. Mkufunzi wa Ireland, Willie Mullins, alikuwa na farasi wanne waliokuwa midomoni mwa watabiri wengi, wote wakipandwa na Ruby Walsh: Douvan, Un De Sceaux, Faugheen na Annie Power. Watu wengi mno waliwaunganisha kwenye mkeka mmoja, yaani dau linalolipa tu kama wote wanne wakishinda. Watatu wa kwanza wakashinda. Annie Power, farasi jike, akafika kwenye kiunzi cha mwisho akiwa anaongoza, akajirusha akiwa bado mbali nacho, akaanguka. Ushindi ukaenda kwa Glens Melody, naye wa zizi hilohilo la Mullins. Kampuni za kamari zilisema anguko lile liliziokoa zisilipe makumi ya mamilioni ya pauni. Sasa, aliyemtaja Annie Power alikosea nini? Alimtaja farasi aliyekuwa mbele ya wenzake hadi kiunzi cha mwisho. Kuanguka ni sehemu ya mbio za viunzi, na hatari hiyo ilikuwamo ndani ya odi tangu asubuhi.

Kosa la siku ile, kwa maoni yangu, lilikuwa kwenye kuunganisha. Tuseme kila mmoja wa wale wanne alikuwa na nafasi 6 kati ya 10 ya kushinda, ambayo kwa farasi ni nafasi kubwa. Zidisha 0.6 × 0.6 × 0.6 × 0.6 na utapata takriban asilimia 13. Kwa hiyo mkeka ulioonekana wa uhakika ungechanika mara 87 katika kila 100, hata kama mtabiri hakukosea popote. Faida ya kampuni nayo inajizidisha: ikikata asilimia 5 kwenye kila farasi, kwenye mkeka wa wanne umeshaacha karibu asilimia 19 ya thamani ya dau lako kabla farasi wa kwanza hajaanza kukimbia.

Hata anayebeti farasi mmojammoja hana budi kuizoea hesabu hii. Uingereza, farasi anayepewa nafasi kubwa kuliko wenzake hushinda takriban theluthi moja ya mbio. Mtabiri anayepatia asilimia 30, kwa odi nzuri, anafanya kazi ya maana. Mpe mbio sita kwa siku: uwezekano wa kukosa zote sita ni 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani karibu asilimia 12. Hiyo ni siku moja katika kila nane au tisa. Anayefukuza mtabiri kila siku kama hiyo inapomkuta atabadilisha watabiri mwaka mzima bila kumjua hata mmoja.

Ndiyo maana nasisitiza daftari. Kabla ya mbio andika vitu vinne: jina la farasi, sababu ya kumchagua, nafasi unayompa kwa asilimia, na odi uliyochukua. Mbio zikianza, ongeza odi ya mwisho. Odi ni nafasi iliyovaa nguo za pesa: gawa 100 kwa odi na utaiona. Odi ya 2.00 ni asilimia 50, ya 3.00 ni 33, ya 5.00 ni 20, ya 10.00 ni 10. Mbio ikiwa na farasi wanne tu wenye odi hizo, jumla ni 113, wakati ukweli hauwezi kuzidi 100. Hizo 13 za juu ni chakula cha kampuni, na mtabiri yeyote lazima azishinde kwanza kabla hajakufaa. Jioni, angalia safu ya mwisho. Kama ulichukua 5.00 na farasi akaanza mbio akiwa 4.00, soko lenye pesa nyingi na habari nyingi kuliko zako lilisogea upande wako, na kushindwa kwake hakufuti hilo. Kama ulichukua 5.00 akaanza akiwa 8.00, hata akishinda ujue ulinunua ghali.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii ni pazia la watabiri wabovu, kila wakipoteza watasingizia bahati. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni daftari lilelile. Odi zinazopanda baada ya kila utabiri zitamfichua mbovu ndani ya mbio hamsini, mapema zaidi kuliko hesabu ya ushindi. Wengine husema wana habari za zizini. Habari ya zizini ina thamani kabla haijafika sokoni. Ikifika kwenye kundi la simu lenye watu elfu, odi imeshashuka. Na wapo wanaokimbilia farasi wa odi kubwa ili warudishe hasara kwa mpigo mmoja. Mwaka 1949 mwanasaikolojia Mmarekani Richard Griffith alionyesha kwamba wabeti huwathamini mno farasi wa nafasi ndogo, kwa hiyo hao ndio wanaouzwa ghali zaidi. Kuwafuata jioni ya hasara ni kununua bidhaa mbaya ukiwa na hasira.

Pingamizi zito ni la anayesema: kama kampuni inakata kiasi hicho, si bora kuacha? Kwa watu wengi, ndiyo, na nalisema kwa moyo wote. Pesa ya kodi ya nyumba au ada ya mtoto haina kazi mbioni, na daftari lenye safu mbaya kwa miezi mitatu ni sababu tosha ya kufunga. Kwetu Afrika Mashariki nina onyo zaidi. Mbio za kweli zipo, Ngong jijini Nairobi, ambako unaweza kumtazama farasi akizungushwa kabla ya kubeti. Lakini farasi wengi wanaobetiwa kwenye maduka ya kamari mitaani ni picha za kompyuta, na mshindi huchaguliwa na programu inayotoa namba za kubahatisha. Hawana zizi, hawana mkufunzi, hawana mbio za jana za kukusaidia kujua za leo. Anayekuuzia utabiri wa farasi hao anakuibia, usimpe hata shilingi.

Kwa waliobaki na mbio za kweli, ombi langu ni dogo: msimfute farasi kwenye daftari kwa sababu ya anguko moja. Machi 2016 Annie Power alirudi Cheltenham, akashinda mbio za viunzi za Champion Hurdle.