Mkaa wa Tope la Choo



Kuni zinapungua, na mkaa ni ghali. Kwa hiyo watu wanatafuta njia nyingine za kupata moto wa jikoni. Katika miaka ya 2010, mjini Nakuru, Kenya, ulianza kutengenezwa mkaa kwa tope la vyoo.

Je, mkaa huo hutengenezwaje?

Kwanza, tope huanikwa juani mpaka likauke. Pili, huchomwa ndani ya tanuri kwa joto kali, kama nyuzi 300 za sentigredi. Tatu, husagwa pamoja na unga wa mbao uliochomwa pia. Nne, hutiwa molasi ili lishikane. Mwisho hufinyangwa vidonge, navyo hukaushwa. Mkaa huo haunuki choo, na hupikia kama mkaa mwingine.

Lakini kazi hii si ya kufanya nyumbani. Tope la choo lina vijidudu vya kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo. Pia lina mayai ya minyoo. Mayai hayo yana ganda gumu, na huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi, hata miaka. Tope laweza kuonekana kavu kabisa, kumbe mayai yangali hai. Mtu akilishika, kisha akala bila kunawa kwa sabuni, atayameza. Kuku nao watalitawanya uani, mahali watoto wanapochezea.

Jua peke yake halitoshi. Kinachoua mayai hayo ni joto la tanuri. Kwa hiyo usichimbue choo chako ili upate mkaa.

Nyumbani tumia vumbi la mkaa ambalo watu hulitupa. Lichanganye na maji na uji wa unga wa muhogo. Finyanga vidonge, uvianike mpaka vikauke. Hapo hakuna hatari ya minyoo.

Tena kumbuka: mkaa wa aina yoyote hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Usilale na jiko linalowaka ndani ya nyumba. Litoe nje kwanza.

Maswali

1. Kwa nini tope kavu la choo bado ni hatari?
2. Ni kitu gani kinachoua mayai ya minyoo?
3. Kabla ya kulala, jiko la mkaa liwekwe wapi? Kwa nini?