Noti za Kutuza na Noti za Kuringia

Katika harusi za Magogoni, wadi ya Kisauni, kutuza ni jambo la kawaida. Mwimbaji wa taarab akifika penye maneno yaliyomgusa mtu, mtu huyo huinuka, akaenda mbele akicheza huku noti iko juu, kisha akampa. Hapo noti inatakiwa ionekane. Ni heshima kwa mwimbaji, na pengine ni jibu kwa mtu aliyeketi kiti cha tatu.

Siku hizi kumezuka jingine. Noti hukunjwa, zikatiwa gundi na pini, zikawa shada la maua. Mwezi wa Februari 2026, sikukuu ya wapendanao ikikaribia, Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo. Haikukataza mtu kumzawadia mwenzake pesa. Ilichokataza ni kuziharibu. Noti yenye gundi au tundu la pini husumbua mashine za kuhesabia pesa na zile za ATM, hivyo huondolewa kabla ya wakati wake, na gharama ya kuchapisha nyingine ni ya umma. Kuharibu noti kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 367A cha Kanuni ya Adhabu.

Hatari kubwa zaidi ni ya mwenye noti. Anayejipiga picha na bunda na kuliweka TikTok huwaonyesha watu asiowajua uso wake, mlango wake, na mara nyingi saa aliyopo nyumbani. Kisauni ni mahali ambapo watu wamewahi kukatwa mapanga kwa ajili ya simu tu.

Na bunda hilo huenda lisiwe mali. Mara nyingi ni mtaji wa kwenda kununulia bidhaa Kongowea alfajiri, pesa za chama, au mkopo ambao haujaanza kulipwa. Noti 100 za shilingi 50 ni shilingi 5,000. Noti 100 za shilingi 1,000 ni shilingi 100,000. Kwenye picha mabunda hayo yanakaribiana unene, na mvamizi hangoji kuhesabu.

Kuna waliopenda kukaa na mabunda nyumbani wakaja kujuta mwaka 2019, noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipokoma kutumika tarehe 30 Septemba. Noti zenye thamani ya shilingi zipatazo bilioni 7.4 hazikurudishwa, zikabaki makaratasi.

Mwenye harusi anaweza kutia noti za zawadi ndani ya bahasha, zikiwa hazijakunjwa wala kubandikwa, au akatuma kwa M-Pesa na kadi ikasomwa mbele ya wageni. Pesa za kutuza zikikusanywa, apewe mtu mmaja anayeaminika, azihesabu chumbani, na zisilale nyumbani. Mfanyabiashara anayelazimika kubeba pesa taslimu hadi sokoni asiwe na saa ile ile na bodaboda yule yule kila siku.

Aliye na noti zilizokwisha kuchanika au kushikana kwa gundi asizibandue kwa nguvu. Azipeleke benki yake, au tawi la Benki Kuu mjini Mombasa, zikaguliwe.